Nani Ameosha Sponji

Gapi wa kwanza kufa nilimkuta asubuhi kwenye tangi la samaki, amelala ubavu chini ya jani pana, mkia umemkunjamana. Kabla sijachukua wavu kumtoa nilikuwa nimeshamtafuta wifi kwa macho. Hakuwepo. Alikuwa amempeleka mwanawe shule kama kawaida yake, lakini wifi hakuhitaji kuwepo ili nimshuku.

Kazi yangu ni ukaguzi katika kiwanda cha nguo. Shati linapita mikononi mwangu, nageuza kola, navuta mshono, naliinua kwenye mwanga, na nikiona kasoro nafunga uzi mwekundu kwenye kifungo na kulitupa pembeni. Nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa msichana, na mtu anayelipwa kutafuta kasoro hawezi kuyaacha macho yake getini anaporudi nyumbani. Wifi, mke wa kaka yangu, ndiye aliyenipa jina la Mkaguzi, wiki ile ile ya harusi yao, na watu wakacheka. Nami nilicheka. Mawifi lazima wataniane. Ila kuna utani unaoishia mdomoni na kuna unaoshuka hadi tumboni ukakaa huko, na wetu ulikuwa umeshuka zamani.

Tangi lilikuwa la mama. Mama alikuwa mkunga, na alipostaafu alisema hawezi kuishi bila kuona kitu kinazaliwa. Akanunua tangi dogo la kioo, akalitandika mchanga mweusi, akapanda mimea: mifupi kama nyasi huku mbele, ya majani mapana nyuma, na katikati kipande cha gogo kilichovaa majani laini kama manyoya. Humo akatia gapi, wale samaki wadogo wenye mikia kama vitambaa vya hariri, kwa sababu gapi hatagi mayai, anazaa watoto hai. Jike akikaribia siku zake mama alivuta kiti, akavaa miwani, akainama kiooni na kumwambia, "Sukuma, mwanangu, usiogope." Tukimcheka anatuambia kwamba hata sisi tulibembelezwa hivyo hivyo na tulikuwa wabishi zaidi.

Kisha kiharusi kikampiga. Kikachukua upande wake wa kulia na kikachukua maneno yote. Kaka, ambaye kazi zake za ujenzi humweka mbali hadi mwisho wa mwezi, aliamua mama na tangi lake wahamie kwake. Kiti kikawekwa sebuleni mbele ya samaki, na hapo ndipo mama aliposhinda kutwa. Mimi naishi upande wa pili wa mji, chumba kimoja juu ya ngazi nyingi. Zamu yangu huanza mchana, kwa hiyo kila asubuhi nilipanda basi kwenda kumwona. Nilikuwa na ufunguo wangu.

Wifi ni msusi. Anasukia kwenye veranda ya pembeni ya nyumba, kiti cha plastiki kimoja cha mteja na kingine cha anayesubiri, chupa za mafuta na marashi ya nywele zimepangwa ukutani, na mdomo unakwenda sambamba na vidole. Sikatai, anasuka vizuri. Lakini tangu siku mama alipotoka hospitali nilijiambia kwamba mtu mwenye wateja na maneno mengi hivyo hawezi kukumbuka vidonge vya presha vya mama mkwe. Pakiti tulizopewa nikazigawa kimya kimya. Nyingine niliziacha kwenye kabati la jikoni kwa heshima ya mwenye nyumba, nyingine nikazitia mkobani. Asubuhi, wifi akiwa bado njiani na mtoto, nilimpa mama kidonge mwenyewe na roho yangu ikatulia.

Sikumwambia wifi. Ningemwambiaje? Kati ya mawifi, "Umempa mama dawa?" si swali. Ni shutuma, na inachukua wiki kupoa. Baada ya muda nilifungua lile kabati nikakuta pakiti hazipo. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mlango wa kabati, nikajisemea kwamba bila shaka zimetupwa.

Na mama alikuwa hapati nafuu. Tuliambiwa atapata nguvu taratibu, lakini kila wiki alizidi kulegea. Ukimsimamisha anayumba, macho yanamzunguka, jasho linamtoka. Mchana haujafika ameshasinzia, kichwa kimeanguka kifuani. Siku moja wifi alinipigia simu kiwandani kusema mama ameteleza kutoka kwenye kiti, hajaumia, nisihangaike. Nikahangaika. Mtu hatelezi kwenye kiti chenye mito pande zote.

Halafu kulikuwa na lile la mdomo. Nikimkaribia na kidonge, mama anaubana mdomo kama mtoto. Ananitazama, anatazama mlango wa nje ambao wifi anaingilia, ananitazama tena, na koo lake linatoa sauti ya kukwaruza. Nikaelewa mara moja kwamba anamwogopa mtu wa mlango ule. "Usiogope, mama," nilimwambia, "mimi nipo." Nikambembeleza mpaka akameza.

Nilimpigia kaka nikamwambia namchukua mama, aje kwangu, tangi litatafutiwa mtu. Akaniuliza ninakusudia kumpandishaje ngazi zile. Nikamwambia akiendelea kukaa hapa hatafika mwisho wa mwezi. Nikasikia mashine ya kuchanganya zege nyuma yake.

"Unasema mke wangu anafanya nini hasa?" akauliza.

Nilihitaji ushahidi, na ushahidi ukaanza kuelea.

Ndiyo maana yule gapi wa kwanza sikumtupa. Nilimfunga kwenye mfuko wa plastiki, nikachota na maji ya tangi kwenye chupa, nikashuka kituo cha njiani penye duka la samaki wa mapambo. Mwenye duka wateja wanamwita Daktari, naye hajawahi kukataa. Ni mtu wa maneno mengi, anauza kioo, mchanga, samaki na ushauri, na ushauri anakupa hata usipotaka. Alimtazama samaki, akasema hana tatizo naye kwa sasa, ameshakufa. Akaomba maji.

Aliyatia kwenye kichupa chembamba, akadondosha matone, akatikisa na kukisimamisha mbele ya karatasi yenye rangi. Nikamwambia wazi kwamba ninashuku marashi ya nywele. Wifi anapuliza verandani, upepo unaingiza ndani.

"Marashi nayo si mazuri," akasema, "lakini hebu tazama." Maji yaligeuka kijani kibichi. "Yangebaki ya njano ningekuambia nenda ukalale. Hii ni amonia. Uchafu wa samaki wenyewe na chakula kilichooza. Nani anaosha sponji ya kichujio?"

"Mimi. Naisuuza kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, mara moja moja. Ndivyo mama alivyonifundisha."

"Mama yuko sahihi. Kwenye sponji ndiko wanakoishi vijidudu wazuri, wale wanaokula huu uchafu. Mtu akiiosha kwa maji ya bomba, dawa ya bomba inawamaliza wote. Utaona sponji inang'aa na samaki wanahema juu juu."

Kesho yake niliingia moja kwa moja hadi kwenye kichujio, hata mama sijamsalimia vizuri. Nikaitoa sponji. Sponji ya tangi lililokaa muda mrefu huwa na rangi ya udongo na inateleza kidogo mkononi. Hii ilikuwa safi kama imetoka dukani leo, nikainusa, inanukia bomba. Mimi nilikuwa sijaigusa.

"Nani ameosha sponji, mama?" nikauliza.

Mama alitazama mlango.

Tangu hapo niliingia kazini kwa kweli, kazi mbili, ya kuokoa samaki na ya kumkamata mtu. Nililaza maji ya bomba kwenye ndoo iliyo wazi hadi siku ya pili, ili dawa yake iruke, nikaificha ndoo nyuma ya pazia la bafu. Kila asubuhi nikatoa sehemu ya maji machafu kwa mpira na kuongeza yale niliyolaza, polepole, nikiyapitisha kwenye kiganja yasichimbue mchanga. Nikawalisha chembe chembe, kiasi cha kuisha kabla sijafunga kopo. Hata hivyo, kila nikija nakuta punje za chakula zimelala mchangani zimeota utando mweupe, na maji yana ukungu. Samaki walipanda juu, midomo kwenye uso wa maji, wanahema kama watu waliokimbilia basi. Konokono nao walipanda kioo hadi ukingoni, wanatafuta pa kutokea.

Nilijiuliza mtu anafaidika nini kwa kuua samaki wa mgonjwa. Jibu nililipata haraka mno, kama ninavyopata majibu yote ninayoyataka. Samaki wakiisha, mama hana tena sababu ya kukaa sebuleni. Atasogezwa chumba cha nyuma, na sebule itakuwa saluni.

Kisha yakatokea madoa meupe. Kwanza kwenye mkia wa dume mmoja, siku chache baadaye kwa wote, kama mtu amewanyunyizia chumvi ya mezani. Wakawa wanajikwaruza kwenye gogo. Daktari aliniambia samaki aliyeteswa na maji mabaya na baridi ya maji mapya hushikwa na kila ugonjwa unaopita. Akanipa kichupa cha dawa ya bluu.

"Matone machache kwa siku, kwa tangi la ukubwa huo. Usizidishe. Mimea haiipendi, konokono hawaipendi, na samaki wenyewe wanaivumilia tu. Alikuja dada mmoja juzi na madoa hayo hayo. Naona ugonjwa umeingia mjini."

Nikamwambia samaki wa watu wengine hawanihusu.

Nilihesabu matone kwa uangalifu wa kupima kola. Maji yakapata rangi ya anga la asubuhi, mepesi, unaona hadi nyuma. Nikaficha kichupa mkobani, pamoja na vidonge. Siku iliyofuata nilipofungua mlango nilikuta tangi limekuwa wino. Siwezi kulitaja kwa jina lingine. Gogo halikuonekana. Dume wangu mzuri alikuwa anaogelea kichwa chini, mwingine amelala kwenye mchanga, ubavu unapanda na kushuka. Majani mapana yalikuwa yamegeuka kahawia na pembeni yamekuwa kama karatasi iliyolowa. Mama alikuwa amesinzia mbele ya yote hayo, mate yanamchuruzika, na nilipomgusa mkono ulikuwa wa baridi.

Nilikaa chini kwenye zulia nikalia kwa hasira. Kwangu mimi sasa halikuwa tena jambo la samaki. Mtu anayeweza kumwaga kitu kwenye maji ya tangi anaweza kumwaga kitu kwenye chai ya mama.

Kabla ya kuondoka nilichukua uzi mwekundu wa kazini, nikaupitisha chini ya mfuniko wa tangi na kuufunga kwenye waya wa taa, mwembamba, mtu asiye na macho yangu asingeuona. Wifi alirudi kutoka shule, tukasalimiana vizuri sana. Akaniuliza mama ameamkaje, nikamjibu ameamka kama unavyomwona. Akasema, "Mkaguzi leo ana uso." Nikasema ni usingizi.

Asubuhi uzi haukuwepo. Haukuwa umekatika, ulikuwa umeondolewa wote pamoja na fundo lake, na juu ya mfuniko palikuwa na harufu ya kiberiti.

Siku hiyo nilimpa mama kidonge chake kama kawaida. Aliubana mdomo kuliko siku zote, nikalazimika kumshika kidevu. Nikapunguza maji ya wino, nikaongeza yaliyolala, kisha nikawatilia samaki matone yao. Wifi aliporudi nikaaga, nikatoka hadi kwenye kona, nikasimama kivulini mwa duka la vifaa vya umeme, nikapiga simu kiwandani kusema mama anaumwa na sitafika. Nilikaa hapo mpaka mteja wa kwanza wa wifi alipoingia na sauti zikaanza verandani. Nikasubiri kama saa nzima zaidi, kisha nikarudi, nikafungua mlango wa mbele kwa ufunguo wangu taratibu kama mwizi.

Wifi alikuwa sebuleni, amenipa mgongo, ameinama juu ya tangi. Mfuniko umefunuliwa. Mkono wa kushoto umeshika ukingo wa kioo, wa kulia umeshika kichupa na kukiinamisha juu ya maji. Mama alikuwa macho, anamtazama, na ile sauti ya kukwaruza inamtoka.

"Unatia nini humo?"

Nilitaka aruke. Hakuruka. Aligeuza kichwa tu, akanitazama kuanzia viatu hadi usoni.

"Kumbe hukwenda kazini, Mkaguzi."

"Nimekuuliza unatia nini."

"Dawa ya madoa meupe. Ulidhani nawatilia juisi?"

Nilimfikia kwa hatua ndefu na kukishika kichupa. Lebo ile ile, kifuniko kile kile, hata alama ya kalamu ya Daktari ilikuwa pale. Nikafungua mkoba wangu na kutoa changu. Tukasimama tumeshika vichupa viwili pacha, na mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akachungulia mlangoni, akaona nyuso zetu, akarudi verandani.

"Mimi nimeshatia," nikasema. "Asubuhi hii. Nimekuwa nikitia tangu madoa yalipoanza."

"Umetia wewe?" Wifi alitazama tangi. "Nami nikadhani rangi yote hii ni ya matone yangu. Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Nikuambie nini, wifi? Wewe ukiingia humu unapitisha kidole juu ya kabati, unanusa sufuria. Samaki wa mama mkwe wanaugua nyumbani kwangu, nikajua litaniangukia mimi tu. Nikasema niwatibu kimya kimya, matone nikayazidisha kidogo, wapone kabla hujaona. Sponji nimeosha kila siku, na bomba limefunguliwa hadi mwisho, usije ukasema nimeacha uchafu."

"Kwa maji ya bomba."

"Ulitaka nioshe kwa soda?"

"Na chakula?"

"Nawalisha nikirudi shule. Ningejuaje kama umewalisha? Nilijua unakuja kunikagua mimi, samaki ni kisingizio." Sauti ilikuwa imeanza kumpanda. "Na ule uzi wako mwekundu, nilijua umeanza mambo ya waganga. Nikauchoma."

Ilikuwa karibu nicheke. Naapa kicheko kilikuwa kimeshafika kooni, kwa sababu nilimwona akilini jinsi alivyokuwa akichoma uzi wa kiwandani kwa kiberiti huku akisoma dua. Wifi naye mdomo ulikuwa umeanza kumcheza. Kisha nikaona unaacha kucheza. Alikuwa anatazama mkoba wangu uliobaki wazi.

"Wifi," akasema polepole, "ukija asubuhi, mama huwa unampa nini?"

"Kidonge chake cha presha."

Aliweka kichupa juu ya mfuniko, akakikosea, kikabingirika.

"Nami nampa," akasema. "Kila siku, baada ya chai."

"Umempa na leo?"

"Nimempa sasa hivi."

"Lakini vya kabatini havipo. Nilitazama."

"Viko chumbani kwangu, juu. Mtoto amejifunza kupanda kabati."

Tulimgeukia mama. Hakuwa akitazama samaki. Alikuwa anatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika shati kifuani. Mkunga aliyegawa dawa maisha yake yote, anayejua kidonge kile kwa rangi na kwa mkato wake. Alijua tangu siku ya kwanza. Aliubana mdomo mbele yangu akanielekeza kwa macho nimuulize mwenzangu, na mimi nikamshika kidevu.

"Anakikataa nikimpa," wifi alisema, na machozi yalikuwa yameshamshuka. "Anatazama kile kiti unachokaa wewe. Nikadhani umemjaza maneno asile cha mkononi mwangu. Ninambembeleza mpaka anameza."

Sikumbuki nani aliita teksi. Nakumbuka yule mteja wa nusu kichwa ndiye aliyemshika mama miguu, nasi mabegani, na kwamba mama alikuwa mzito na analainika mikononi mwetu. Njiani wifi alimlaza mama kichwa mapajani mwake, akimwambia asilale. Mimi nilikaa mbele na dereva, nimeshika mkoba kwa mikono miwili, na sikuthubutu kugeuka nyuma.

Hospitalini daktari alipima presha, akatazama kipimo, akahamishia mkono wa pili na kupima tena. Aliita muuguzi, mama akatundikiwa maji, miguu ikainuliwa. Baadaye akatuita mezani kwake. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha.

"Nani anampa mama dawa?"

Wifi akasema, "Sote," nami nikasema, "Kila mtu kivyake."

Daktari alisugua macho. Nadhani alikuwa akitafuta neno lisilo tusi.

"Mnakaa nyumba mbili zisizosemeshana?"

"Tunasemeshana," nikasema. "Kila siku."

"Mnasemeshana nini?"

Alituambia presha ya mama ilikuwa chini kiasi kwamba siku yoyote angesimama na kuanguka, au angelala na asiamke, na watu wangesema ni kiharusi kimerudi. Alisema mwili wake una nguvu kuliko tulivyostahili. Kisha akasema kuanzia leo dawa zitakuwa kwa mtu mmoja, na anataka kujua sasa hivi ni nani.

Mkono wangu ulikuwa tayari umekazana kwenye mkoba. Maneno nilikuwa nayo ulimini: mimi ni binti yake, mimi ni mwangalifu, kazi yangu ni ya uangalifu. Nikamtazama wifi. Alikuwa ametazama chini, nywele bandia za mteja bado zimemganda vidoleni. Alikuwa anasubiri nimnyang'anye.

Nilitoa pakiti zote mkobani nikaziweka mapajani mwake. Wala sitasema nilifanya hivyo kwa moyo mweupe. Iliniuma kama kutoa jino. "Ni yeye," nikamwambia daktari. "Ndiye anayekaa naye."

Mama alilazwa siku kadhaa. Kaka alikuja kabla ya mwisho wa mwezi, tukamweleza pamoja, na alitutazama kama watu waliogonga gari lake likiwa limeegeshwa. Habari za kumhamisha mama hazikutajwa tena. Wakati mama yuko hospitali, mimi na wifi tulikaa kwenye zulia mbele ya tangi, yeye ameshika mpira, mimi ndoo. Tulitoa maji ya wino kidogo kidogo na kutia yaliyolala, tukaweka mkaa wa kichujio unaonyonya dawa, tukakata majani yaliyooza. Konokono wote walikuwa wamekufa. Gapi walibaki wachache, mikia imeliwa pembeni, wamejificha nyuma ya gogo. Daktari wa duka alitupa kipande cha sponji chafu kutoka tangi lake mwenyewe kisaidie kurudisha vijidudu, na alipotuona tumeingia pamoja alisema, "Kumbe ni nyumba moja," kisha kwa mara ya kwanza akakosa la kuongeza.

Mama aliporudi tulikubaliana niwe naenda siku zangu za mapumziko tu. Samaki wangu mimi siku hizo, sponji yangu mimi. Dawa za wifi. Nilikubali mbele ya kaka, nikakubali kwa sauti.

Asubuhi ya kwanza ya kubaki kwangu niliamka saa ile ile, nikajikuta nimevaa viatu. Nikavivua. Nikanywa chai, nikafagia palipofagiliwa, nikatazama simu. Yule mwanamke ana wateja, nikajiambia. Leo mtoto anaweza kuwa na homa. Anaweza kuwa amedhani ameshampa mama dawa. Nikavaa viatu tena. Mwishowe nikapiga simu.

"Wifi, maji yamekaaje?" nikauliza.

"Meupe. Naona hadi nyuma ya gogo."

"Na chakula?"

"Sijagusa. Chakula ni siku zako na jioni ni za mama mwenyewe, anawatupia kwa mkono mzima. Si ndivyo tulivyosema?"

"Ndivyo. Pampu inatoa hewa?"

"Inatoa, wifi."

Nikauliza habari za taa. Nikauliza kama yale majani mapya yameshika mchanga. Alinijibu yote, taratibu, na nikasikia sebule yao upande wa pili, maji yanabubujika.

"Hujanipigia kwa ajili ya majani," akasema.

"Hapana."

"Basi uliza."

"Naogopa utakasirika."

"Nitakasirika," wifi akasema. "Lakini uliza."

Nikamuuliza. Alikasirika, na akanijibu.